Baka Jeupe, Jicho la Kushoto

Mwalimu wetu wa ufundi kambini, mama mmoja wa Kigoma mjini, alitufundisha kutengeneza wanyama wa sufu. Unaliviringa donge, unalichoma kwa sindano yenye vijino mpaka likaze, na likishapata miguu na pembe ndipo unalitia rangi: unachukua nyuzi chache nyeusi au nyeupe, unazilaza pale unapotaka baka, unazichoma mpaka zishike. Nilijidunga vidole mpaka nikamlaani aliyebuni kazi hiyo. Lakini kukaa bure kulikuwa kubaya zaidi.

Mama yangu hakutia mabaka ya kupendeza macho. Ng'ombe wake wa kwanza alikuwa mwekundu, sikio moja jeusi, na baka jeupe usoni lililopinda kuelekea jicho la kushoto. Nilimtambua kabla hajamaliza. Alikuwa ng'ombe wetu, tuliyemwacha Burundi na kaka yangu siku tuliyokimbia. Mtumbwi haukuweza kupakia ng'ombe, na kaka, mtu mzima mwenye akili zake, alikataa kumwacha. Alisema atapita milimani, tutakutana Kigoma. Nilimwita mjinga, na hilo ndilo neno langu la mwisho kwake.

Picha ya kaka hatukuwa nayo. Mama alisema haidhuru, uso wa mtu aliyechoka njiani nani ataukumbuka? Ila ng'ombe mwenye baka la namna ile, mfugaji hamsahau. Basi kila boti ilipoleta wakimbizi ufukweni Kibirizi, tuliteremka, yeye na ng'ombe wake wa sufu kiganjani.

"Amasho!" aliwaamkia, salamu yetu ya kumtakia mtu mifugo mingi, na wale hawakubaki hata na kuku. "Mmemwona huyu?"

Wengine walicheka. Wachuuzi wa dagaa walidhani anauza. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilimfuata kwa kuchelea asije akaanguka kwenye mawe. Mfa maji haishi kutapatapa, nilijisemea, na hasira zilinipanda kila aliponyoosha ule mkono.

Siku moja mwanamume aliyekonda sana alimpokea yule ng'ombe, akamgeuza, akapitisha kidole juu ya baka.

"Huyu tulimkuta bondeni, mama, peke yake. Tulikuwa na njaa." Aliinamisha kichwa. "Utusamehe. Tulimchinja."

"Na mwenyewe?"

"Hatukuona mtu. Labda alitangulia."

Moyo wangu uliruka kwa hilo "labda". Mama aliuliza swali moja tu: kiwele chake kilikuwaje?

"Mama wee! Kilijaa mpaka kimevimba," yule mtu alisema, kama mwenye furaha. "Watoto walikunywa kwanza, wakashiba. Alikuwa hajakamuliwa siku tatu, labda nne."

Mama akamshukuru. Alimwambia alifanya vema kuwapa watoto yale maziwa. Tulipanda mlima, nami njia nzima nilikuwa nikiwaza kaka angekuwa ametangulia wapi, kambi ipi, kwa jina lipi. Tulipofika kwenye hema mama alinizuia nisiingie.

"Kaka yako hajawahi kumlaza yule ng'ombe bila kumkamua," alisema. "Waite majirani. Tuanze matanga."