Dirisha la Kuonea Ziwa

Kila asubuhi mtunza vijumba hushuka na panga hadi ukingo wa Ziwa Jipe kufyeka matete yanayoziba madirisha. Vijumba vya wageni ni vitatu, vya mbao, kila kimoja kina kitanda na meza tu. Mikono yake imechanwachanwa na majani, naye huifuta kwenye suruali kabla ya kumsalimu mtu. Akifyeka huimba wimbo wa kanisani kwa Chasu, lugha ya Wapare, ubeti mmoja uleule. Irine, mpishi, ameuchoka. Tajiri mwenye vijumba amesema mwezi huu ukiisha bila mgeni, anafunga, nao watarudi kwao. Leo simu ikalia: binti wa Arusha, anataka siku mbili za kupiga kasia.

“Shikamoo, baba. Nikiwa kitandani, ziwa naliona?”

“Marahaba, mwanangu. Subiri.” Akaingia kijumbani, akavua viatu, akajilaza kitandani, akatazama dirishani. Irine, mlangoni, akamwashiria akubali.

“Naona matete,” akasema. “Maji yamerudi nyuma sana. Mtumbwi tunauburuta kwenye tope nusu saa nzima.”

“Haya, baba. Nitakupigia.”

“Si ungesema ndiyo tu?” Irine akamuuliza.

“Angekuja akayaona, Irine.”

Akainuka, akalinyoosha shuka pale alipolala, kisha akaanza kulitandua.