Mshono Juu ya Mpaka

Kamera yangu ya picha za mzunguko niliiunda mwenyewe, na najisifu kwa hilo hata sasa. Ni kamera mbili kuukuu zilizopeana migongo juu ya kipande cha mbao ambacho seremala mmoja wa Mwatate alinichongea, kila moja ikiwa na lenzi ya jicho la samaki. Lenzi hiyo imevimba kwa mbele, na huona mbele, pande zote, na hata kidogo nyuma ya bega lake. Kila kamera hutoa picha ya duara ambamo nyumba zimepinda na watu wa pembeni wamelala kama walevi. Kazi yangu ni kuyaingiza maduara hayo mawili kwenye kompyuta na kuyashona yawe picha moja, ambayo mtu akiifungua kwenye simu anaizungusha kwa kidole, mbele, nyuma, juu mpaka mawinguni, kana kwamba amesimama pale. Video nazo hushonwa hivyo hivyo, ila zinachosha zaidi.

Hoteli za mbugani zinazipenda picha hizi, maana mgeni anataka kukiona kitanda na dirisha kabla hajafunga safari. Nikifika getini wananiuliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia ndiye mimi, wanachungulia nyuma yangu kama kuna mwanamume anayeshusha mizigo. Hilo nimelizoea. Kinachonikera zaidi ni mtu kudhani kompyuta ndiyo inayofanya kazi yote. Kompyuta hushona kama mtoto aliyeshikishwa sindano jana: huvuta kingo mbili zikutane, na kinachozidi hukikata. Penye mshono, kitu kilicho mbali hutoka vizuri, lakini kilicho karibu, hatua moja tu kutoka kwa kamera, kinaweza kukatwa nusu au kupotea kabisa. Nimewahi kumpoteza mhudumu mzima na sinia lake la chai. Kwa hiyo nina sheria moja, kwamba kitu cha maana hakikai karibu na kamera upande wa mshono.

Sheria hiyo niliivunja Mwanda, kijijini kwetu milimani, kwenye shamba la babu yangu, na aliyeumia si mimi.

Babu aliacha shamba la mteremko, la matuta, na wanawe waligawana kwa mdomo zamani. Upande mmoja ni wa baba yangu mdogo, anayefanya kazi Mombasa na kuja nyumbani Desemba. Upande wa pili ulikuwa wa kaka yao mkubwa, marehemu sasa, na anayeulima ni mjane wake, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa. Mpaka kati yao ni mimea minne, ile ya majani marefu ambayo ukiikata inachipuka tena, aliyoipanda babu mwenyewe kutoka barabarani juu mpaka kwenye kijito chini. Haikupangwa kwa mstari ulionyooka. Kwenye mmea wa tatu mpaka unapinda kuelekea kwa baba mdogo, na katika pembe hiyo Mama Mkubwa amejenga zizi la ng'ombe wake mmoja na kupanda nepia, majani ya kumlisha. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayomlisha Mama Mkubwa.

Mwaka ule ukoo ulitaka kila mtu apate hati yake, kwa hiyo mpimaji wa ardhi angeitwa. Watu wetu wametawanyika, Mombasa, Nairobi, Taveta, na kila mmoja ana maoni kwenye kundi la WhatsApp. Nikajitolea. Niliandika kwamba nitapanda Mwanda na kamera yangu, wote waone shamba lote wakiwa huko huko walipo na wakubaliane kabla mpimaji hajafika. Walinisifu sana, nami nikavimba kichwa.

Siku niliyokwenda, asubuhi ilikuwa na ukungu na ardhi imelowa. Kabla sijaanza kazi, Mama Mkubwa alinitembeza mpaka wote. Alikuwa na jembe begani, na kila tulipofika kwenye mmea aliushika shina na kuuhesabu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilimwitikia huku nawaza mwanga. Nampenda Mama Mkubwa, lakini siku ile nilimsikiliza kama mtu mwenye haraka anavyomsikiliza mzee.

Tuta lilikuwa jembamba. Nilitaka pande zote mbili zionekane sawasawa, asije mtu akasema nimempendelea mwenzake, kwa hiyo nikasimamisha kamera juu ya mpaka wenyewe, ubavuni mwa mmea wa tatu, lenzi moja ikaangalia kwa baba mdogo na nyingine kwa Mama Mkubwa. Niliona nimetenda haki. Sikuwaza kwamba lenzi zikigawana shamba namna hiyo, mshono nao unapita juu ya mpaka.

Niliporudi studio kwangu Voi nikaiacha kompyuta ishone, nikatuma. Picha ilipendeza. Ukungu ulikuwa umeshaondoka wakati napiga, na mteremko wote ulionekana mpaka kijitoni. Binamu yangu wa Nairobi aliandika kwamba amesikia harufu ya nyumbani. Siku ya pili baba mdogo akaandika kwamba ameizungusha mara nyingi na anaona mimea mitatu, si minne, na kwamba kutoka wa pili hadi wa mwisho mstari umenyooka. Na mstari ukinyooka, zizi liko kwake.

Mama Mkubwa hana simu ya kufungulia picha. Aliposomewa ujumbe alisema mimea ni minne. Baada ya wiki moja jirani akatumwa akatazame, akahesabu minne. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kama picha ina mitatu na wiki moja baadaye shambani kuna minne, basi mmoja umepandwa juzi. Mmea wenyewe hushika upesi. Ukichomeka shina nene kwenye udongo uliolowa, baada ya siku chache hulitofautishi na la zamani. Kuufukua kutazama mizizi hakuna aliyethubutu, maana mmea wa mpaka hauguswi.

Kwetu mtu anaweza kusamehewa kuiba kuku, lakini kusogeza mpaka hakusamehewi. Kwenye kundi hakuna aliyelitamka neno hilo. Waliandika tu kwamba tumwombee Mama Mkubwa, uzee una mambo yake. Maneno hayo yaliniudhi, lakini hayakuniudhi vya kutosha. Kisha baba mdogo akaniuliza mbele ya wote kama mimi niliyekuwepo niliuona mmea mahali pale.

Niliifungua picha, nikaizungusha. Palikuwa na nyasi na ukingo wa tuta. Nilijaribu kuukumbuka mmea wa tatu, nikaukumbuka mkono wa Mama Mkubwa na jembe lake, lakini mahali penyewe sikuweza kupakumbuka ila jinsi palivyokuwa kwenye picha. Nikajibu: "Picha haiongezi wala haipunguzi." Aliyeandika hayo ndiye yule yule aliyempoteza mhudumu na sinia lake la chai.

Mama Mkubwa alinipigia siku hiyo hiyo kwa simu yake ndogo. Hakulalamika. Aliniuliza kama ni kweli nimesema hivyo, nikamjibu kwamba sikusema amepanda kitu, nimesema tu picha inaonyesha nini. Nikaongeza, kwa sauti ya upole niliyoiona ya busara, kwamba huenda amesahau, au kuna mtu ameupanda bila yeye kujua. Akasema sawa, akaniaga vizuri. Baadaye nilisikia kwamba kikundi cha kina mama kanisani kimempumzisha kuongoza sala, na kwamba waliokuwa wakichukua maziwa kwake sasa wanachukua kwingine. Nikajiambia kwamba maneno ya watu hayaishi.

Yangebaki hivyo kama baba mdogo hangetaka picha kubwa. Kikao kwa chifu kilikuwa kimepangwa na mpimaji angekuwepo, naye akataka picha iliyochapishwa, pana kama meza, ya kutandaza mbele ya watu. Ile niliyotuma kwenye simu ilikuwa ndogo. Ilinibidi nirudi kwenye maduara yenyewe na kuyashona upya, mara hii kwa mkono, kipande kwa kipande.

Ilikuwa saa nne asubuhi, pale kwenye studio yangu karibu na soko la Voi, na mteja alikuwa ameketi akisubiri picha za pasipoti. Nilifungua duara la kwanza. Ukingoni kabisa, pale lenzi inapoona nyuma ya bega lake, kulikuwa na kitu cha kijani kilichopinda. Nikafungua la pili, na ukingoni kikawepo tena. Nilikikuza. Lilikuwa shina nene na majani marefu, mmea wa tatu, umesimama pale pale Mama Mkubwa alipoushika. Na kwenye shina hilo umening'inia mkoba wangu mwekundu wa lenzi. Nilikuwa nimeutundika kwa mkono wangu ili usilowe chini.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mteja aliniuliza kama naumwa. Nilimpiga picha zake, nikamkatia, akaenda. Kisha nikakaa na kuwaza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Maduara yale ninayo mimi peke yangu. Nikishona tena kama mwanzo, hakuna atakayejua, na hakuna hoteli itakayosikia kwamba picha zangu zinameza vitu. Nilikaa na wazo hilo mpaka nikamaliza kikombe cha chai, na ni muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nikayatuma maduara yote mawili kwenye kundi, mmea nimeuzungushia mstari mwekundu, na nikaeleza mshono unavyofanya. Niliandika kwamba mmea ulikuwepo, kwamba niliutundikia mkoba wangu, na kwamba Mama Mkubwa amesema kweli tangu mwanzo. Siku ya kikao nilipanda Mwanda nikayarudia kwa mdomo mbele ya chifu. Mpimaji alicheka kidogo, akasema ndiyo maana yeye hupima kwa miguu yake, akaifuata mimea yote minne kama ilivyo. Zizi likabaki la mwenyewe. Baba mdogo alimshika Mama Mkubwa mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia shemeji, kompyuta imetudanganya. Wote wakakubali kwamba kosa ni la kompyuta, na wakatawanyika wakiwa wepesi.

Mimi nilimfuata Mama Mkubwa kwake. Alikuwa akikata nepia mbele ya zizi, wala hakuacha kukata nilipoanza kuzungumza. Nilimchorea maduara mawili kwa kijiti kwenye udongo, nikamwonyesha mshono unapita wapi na kwa nini kilicho karibu ndicho kinachopotea. Nilimwomba msamaha, kisha nikarudi kueleza, kwa sababu maelezo yalikuwa rahisi kutoka kuliko msamaha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaweka panga chini.

"Wale wengine nimewasamehe," alisema. "Walikuwa mbali, wakaamini picha. Lakini wewe, mwanangu, ulikuwa hapa na mimi."

Nikasema ndiyo, Mama.

Alijifuta mikono kwenye leso, akaangalia jua limefika wapi, akaniuliza kama ningependa kula au nina haraka ya kurudi Voi. Kwetu swali hilo huulizwa mgeni. Mtu wa nyumbani huwekewa sahani tu. Nimekula katika nyumba ile tangu naota meno, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa.