Kesi Yangu na Kaka

Watu hudhani ukimshtaki ndugu yako mnaacha kuonana. Mimi na kaka tulianza kuonana vizuri nilipomshtaki.

Baba alipofariki, ardhi yake yote nje ya mji wa Kajiado ilibaki kwa kaka. Mimi nilikuwa nimeachika, napanga chumba kimoja Kitengela, nikadai sehemu yangu. Wazee wa ukoo wakasema nisikanyage bomani mpaka niondoe kesi. Wifi zangu wakaacha kushika simu. Sikuiondoa, maana mimi ni mkaidi, lakini upweke ule uliniuma vibaya sana.

Nilikosea tangu mwanzo, nikaipeleka kesi kwa hakimu kwa kuwa mlango wake ndio ulio karibu na lango. Siku ya kesi kutajwa, karani akatusimamisha sote wawili.

"Mama, hii shamba bei yake imepita hakimu. Hiyo ni ya High Court, hapo ng'ambo."

Tukavuka uwanja, tukaketi kungoja. Kaka, ambaye hakusoma, akanisogelea kwenye benchi. Mbele ya ukoo asingethubutu.

"Kwani korti nazo ziko na rika?"

Nikamweleza: chini yuko hakimu, juu yake Mahakama Kuu, halafu Mahakama ya Rufaa, halafu Mahakama ya Juu.

"Na huyo wa mwisho akikosea?"

"Hapo unanyamaza, unaenda nyumbani."

Tukacheka hadi askari wa mlangoni akatutolea macho.

Tangu hapo, kila kesi ilipotajwa alikaa kando yangu. Aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na habari za kwetu: nani amejifungua, ng'ombe gani amekufa kwa ukame. Mawakili walipoomba iahirishwe, nilikunja uso kama niliyekasirika. Kumbe nilikuwa nafurahi.

Mwishowe jaji akasoma hukumu, akanipa sehemu yangu. Wakili wangu akanipa mkono. Kaka akavaa kofia yake.

"Umeshinda," akasema. "Wazee wamesema sasa wewe si wetu. Nami siwezi kuwapita."

Akaondoka bila kungoja nijibu.

Bado ana nafasi ya kukata rufaa. Wakili hunipigia simu kunitia moyo, anasema tuombe Mungu kaka asikate. Naitikia amina. Nikishakata simu, naomba akate.