Mstari wa Suruali

Shangazi yangu ni fundi umeme wa magari, na haamini mtu. Ukimwambia unataka inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, atakuuliza utawasha nini, ataandika wati za kila kifaa, kisha atakuchungulia juu ya miwani na kukuuliza upya. Anasema watu husema ukweli kuhusu taa na redio tu.

Kwa hiyo nilishangaa alipopokea orodha ya mkaguzi wa shule mmoja mstaafu bila kumbana. Labda cheo kilimtia haya. Mzee alikuwa amegeuza basi dogo kuwa nyumba, azunguke na mkewe mwaka mzima. Mke alitoa sharti moja: birika lake la umeme, wati elfu moja na mia tano. Ukiongeza friji ndogo na taa, inveta ya wati elfu mbili ilitosha. Shangazi akaifunga karibu kabisa na betri, nyaya fupi nene kama kidole, na fyuzi yake. Maji yakachemka vizuri tu.

Wiki haijaisha mzee akapiga simu. Wanalala basini kwa majaribio, na kila asubuhi inveta inalia na kuzima. Alishatoa hukumu: birika litabaki nyumbani. Mkewe naye alishajibu kwamba likibaki, anabaki nalo.

Tulimkuta mama wa watu kwenye ngazi ya basi, amenuna, kikombe kitupu mkononi. Kila asubuhi, alisema, akishawasha birika hutoka nje kupiga mswaki, na akirudi anakuta giza na lawama. Iliniuma. Shangazi akawasha birika. Likachemsha bila kelele. Mzee akasema limemwogopa fundi.

Shangazi alikuwa anaitazama suruali ya mzee. Mzee alitangazia mtaa mzima kwamba kustaafu ni kuagana na tai na pasi, na baada ya siku sita basini suruali yake ilikuwa na mstari wa kukatia nyanya.

Akatoa mkobani swichi ya njia mbili, akaunganisha soketi mbili: ukiwasha hii, ile inakufa. Akaipachika ukutani, juu ya mto wa mke, akaandika kwa wino mzito, CHAI upande mmoja, PASI upande wa pili.

Mke akasoma, akarudia.

"Pasi ya nani?"

Mzee akakohoa, akainamia viatu vyake. Navyo vilikuwa vinang'aa.

"Pamoja haziwezi, mwalimu," Shangazi akamwambia kwa upole wa kuudhi. "Itabidi uwe unaomba."

Waliondoka Jumatatu, wote wawili, na birika. Mama huyo hutupigia simu kutoka njiani. Anasema kila asubuhi mzee husimama kando ya kitanda, taulo kiunoni, suruali mkononi, anangoja chai iishe. Zamani mama mwenyewe alikuwa anachemsha maji ya kikombe kimoja. Siku hizi anajaza birika zima, na hana haraka.