Taratibu na Waipa za Lori la Maziwa

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, gereji nzima inamwita Taratibu. Jina alipewa na mafundi wa injini kwa kumcheka, naye akalipokea bila kununa, kwa sababu ni kweli tupu. Kazi yake ni vioo vya magari na kila kinachogusana na kioo: mipira ya pembeni, waipa, mota za waipa. Ana miaka ishirini na sita katika kazi hiyo. Mimi nashona viti vya magari kwenye banda la jirani, hatua kumi kutoka anaposimama yeye, kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Asiyejua ataona waipa ni kitu cha kufuta mvua tu, unavuta kinatoka. Ajaribu. Mkono wa waipa umekaa juu ya kichuma chenye meno, umebanwa kwa nati. Vumbi na maji ya miaka vikishakutana pale, kutu inashika kama simenti. Mafundi wenye haraka huingiza bisibisi chini ya mkono na kukandamiza. Kinachotoka kwanza ni kioo, vipande vipande.

Taratibu hakandamizi. Kwanza anachora mstari wa chaki kwenye kioo, mahali waipa ilipolala, ili irudi palepale. Halafu anafunika kioo kwa blanketi kuukuu. Nati anailegeza lakini haiondoi, anaiacha kwenye ncha ili mkono usiruke ukachapa kioo. Anapulizia mafuta ya kulainisha kutu, anakwenda kunywa chai. Akirudi anamwagia maji ya moto pale penye kutu. Mwisho anafunga pula, chuma chenye kucha mbili na skrubu katikati: kucha zinashika mkono kwa chini, skrubu inasukuma kile kichuma, na kwa spana anakaza kidogo kidogo mpaka mkono uachie. Ukiachia unasema "ta!" Hapo wewe unasimama. Ukiendelea kukaza, mkono unaisukuma nati na kuharibu nyuzi za kichuma, ile mikato nati inamozungukia, na gari lililokuja kwa waipa linaondoka na ugonjwa mpya.

Basi mwaka huu magari matatu yaliharibika nyuzi mikononi mwake, ndani ya mwezi mmoja. Mafundi wakapata la kusema. Walikuwa wamekwisha kumchukia kidogo, maana siku hizi wakimsalimu kwa nyuma haitikii. Wakasema anaringa. Fundi wa rangi alisema labda amerithi shamba mahali. Tajiri mwenye gereji yeye hakusema mengi. Alimwita, akamwonyesha kile kichuma cha tatu, akamwambia, "Kingine kikiharibika, unahamia getini kufungulia magari."

Mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Mtu niliyekaa naye hatua kumi kwa miaka kumi na moja, nikimwita mara tatu asigeuke, sihitaji daktari. Nilimfuata siku hiyohiyo, nikasimama mbele ya uso wake.

"Shemeji, masikio."

"Masikio yangu yana nini?"

"Nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri tangu mwaka jana? Umekuwa hakimu?"

Akacheka, akaokota spana, akaanza kuifuta mafuta ambayo haikuwa nayo. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Mtu mzima ukimsukuma sana anakaza shingo, na huyu ni wa ukoo wa mume wangu, nawajua.

Wiki iliyofuata likaja lori la maziwa. Lori la zamani, mtindo ambao umeacha kutengenezwa. Waipa zilikuwa zimekufa na mvua zimeanza. Kufika kwenye mota ilibidi paneli, lile bamba lililo chini ya kioo, itoke, na paneli haitoki mpaka mikono ya waipa itoke. Dereva wake, mnene mwenye maneno, alizunguka lori lake kama mama wa bibi harusi.

"Fundi, kioo hiki hakipo tena duniani," alisema. "Na hicho kichuma nacho hakipo. Vunja mguu wangu, lakini hivyo viwili viache."

"Kwani mguu wako ndio una spea?" nilimuuliza.

"Mama, wewe shona tu."

Tajiri naye akatoka ofisini, akasimama pembeni na mikono nyuma. Hana kawaida ya kusimamia waipa. Kila mtu alielewa amefuata nini.

Taratibu akafanya yake yote. Chaki, blanketi, nati, mafuta, chai, maji ya moto. Akapanda kwenye kreti, akafunga pula kwenye mkono wa upande wa dereva, akaanza kukaza. Robo mzunguko, anasimama. Robo mzunguko, anasimama. Fundi wa bodi alikuwa anagonga mlango wa pikapu, jenereta inanguruma. Nikamwona shemeji ameinamisha kichwa, ameweka sikio karibu kabisa na chuma. Akakaza tena kidogo. Akasimama muda mrefu.

"Vipi?" tajiri akauliza.

Hakujibu, maana hakusikia. Aliitazama spana tu. Halafu akaiachia ikining'inia kwenye skrubu, akashuka kwenye kreti, akaja mpaka bandani kwangu. Jasho lilikuwa linamtoka na jua lilikuwa halijapanda.

"Shemeji, njoo unisikilizie."

"Nikusikilizie nini?"

Nilijua ni nini. Lakini hilo si neno la kumsemea mtu.

Akageuka akamtazama tajiri, akasema kwa sauti kubwa, kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe, "Ule mlio wa kuachia. Siusikii. Tangu mwaka juzi unafifia, sasa umepotea kabisa."

Fundi wa bodi aliacha kugonga bila kuambiwa. Dereva alifungua mdomo, nikamwangalia, akaufunga.

"Na mkono wako haukuambii?" tajiri akauliza. Ilibidi nimgeukie shemeji nirudie.

"Mkono unadanganywa," alijibu. "Kutu ikipasuka inashtua spana vilevile kama waipa inapoachia. Tofauti iko kwenye mlio tu. Yale magari matatu nilidhani ni kutu, nikaendelea."

Nikavua kidole cha chuma cha kushonea, nikamwambia fundi wa bodi azime jenereta na wote wasimame walipo. Hakuna aliyebisha. Nikapanda kreti la pili, nikaweka kiganja begani kwake. Tukakubaliana: nikimbana, anaacha hapohapo.

Akakaza. Kilitoka kilio kirefu, chembamba, kama mlango wa stoo. Hiyo ni kutu, sikubana. Bega lake lilikuwa gumu kama ubao. Akakaza tena, kutu ikalia tena. Dereva pale chini alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Robo nyingine. Halafu, "ta!"

Nikambana mpaka kucha zikaingia kwenye shati.

Akaacha. Akafungua pula, akaondoa nati kwa vidole, ikazunguka laini mpaka mwisho, nyuzi zote nzima. Mkono wa waipa ukainuka kwa vidole viwili. Tukahamia upande wa pili. Ule ulikuwa mbishi zaidi, ulitaka maji ya moto mara mbili, lakini nao ukatoka, na kioo kikabaki kizima chini ya blanketi.

Tajiri akaja akasimama mbele yake kabisa, akasema polepole, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka getini."

"Ningekupeleka," tajiri akakubali.

"Getini ndiko kunakotaka masikio zaidi," dereva akadakia, ameshapata nafuu. "Ningepiga honi mpaka maziwa yagande."

Watu wakacheka. Taratibu hakusikia kichekesho, lakini aliona meno, akatabasamu ili asibaki nyuma.

Tajiri akamgeukia tena. "Waipa hutoi peke yako tena," alisema. "Kukiwa na waipa, mwite shemeji yako."

"Na viti vyangu?" nilimuuliza.

"Utashona akimaliza."

Hakuna aliyeniuliza kama nimekubali. Wanaume wakishamaliza shida zao hudhani shida zimekwisha.

Siku ya pili yake nilikuwa nimeanza kiti cha nyuma cha teksi, mshono mrefu, sindano iko katikati ya ngozi. Taratibu akaja na pula mkononi, akagonga meza ya cherehani mara mbili kwa kidole, akaniashiria gari jeupe lililoegeshwa nje. Nikaiacha sindano palepale ilipo, nikamfuata.