Matone ya Macho ya Dada Rael

Nakumbuka siku dada yangu Rael aliporudi kutoka kliniki ya macho kule Kericho akicheka, mwanangu. Kabla ya hapo macho yake yalikuwa mekundu, yakimwasha hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Ilikuwa miaka ya tisini, naye alikuwa fundi wa nguo pale Litein. Watoto wengi wa shule kule kwetu walivaa sare alizoshona yeye. Daktari alimpa kichupa cha matone, akamwambia ayatumie siku chache kisha arudi aangaliwe.

Hakurudi. Macho yalikuwa yametulia, na kwenda Kericho ni kupoteza siku ya kazi. Mwasho ulipoanza tena, alipeleka kichupa kitupu kwenye duka la dawa sokoni. Muuzaji akakitazama, akachukua kingine kama hicho, akakiweka juu ya kaunta. Hakuuliza cheti cha daktari. Hakuuliza chochote. Ikawa hivyo msimu baada ya msimu: vumbi la vitambaa likimwasha, anatia matone; hata macho yasipomwasha, anatia asubuhi ya kanisa ili macho yang'ae. Na yaling'aa kweli. Watu walimsifu.

Kisha akaanza kujigonga bega mlangoni. Akakanyaga mahindi tuliyoanika uani, mama akamkaripia, naye akasema ni uchovu. Siku moja ng'ombe alimpitia ubavuni akamwangusha, Rael akaapa hakumwona kabisa. Hapo nikamlazimisha twende Kericho.

Daktari wa macho, mama mmoja mpole, alipima presha ya macho yake, akapima tena. Akaomba aone dawa anayotumia. Alipokiona kichupa, akakaa chini.

"Rael, humu mna dawa mbili. Moja inaua bakteria. Nyingine ni steroidi, inatuliza wekundu na mwasho. Hiyo steroidi ukiitumia muda mrefu bila kupimwa, presha ndani ya jicho inaweza kupanda, iharibu mshipa wa kuonea. Haiumi. Ndiyo maana hukujua."

"Sasa utanipa dawa gani nione tena?"

"Nitakupa ya kushusha presha, tulinde kilichobaki. Kilichoenda hakirudi."

Rael hakulia. Aliuliza tu kama ataweza kushona. Daktari akamwandikia matone mapya.

Tuliporudi Litein nilimshika mkono tukaenda moja kwa moja kwa yule muuzaji. Nikamweleza yote mbele ya watu. Alinisikiliza huku akipangusa kaunta. "Mama, mimi nauza tu. Nilimlazimisha?"

Kando yetu alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, anataka dawa ya macho mekundu ya mtoto. Muuzaji akamtolea kichupa kilekile. Rael, ambaye sasa hakuona mtu wa kando mpaka ageuze kichwa, akageuka, akampapasa mkono.

"Dada, usimtilie hiyo. Mpeleke kwa daktari kwanza."

Yule mwanamke akamtazama machoni. Yalikuwa meupe, mazuri, hayana kasoro.

"Mbona wewe uko mzima," akasema. Akalipa, akaenda.

Nimezeeka, mwanangu, na hasira ya siku ile bado ninayo.

Sikwambii uiogope dawa hiyo. Daktari akikuandikia, itumie kwa kipimo chake na kwa siku alizosema; usiikatize kwa sababu jicho limepoa, wala usiiendeleze kwa sababu imekupendeza. Akikwambia urudi kupimwa, rudi, hata kama majani ya chai yanangoja kuchumwa. Usiinunue mwenyewe eti ilimfaa jirani, au ilikufaa wewe mwaka jana. Jicho jekundu laweza kuwa na virusi au kuvu, na steroidi ikaupa nguvu ugonjwa huo badala ya kuuponya. Kichupa chako ni chako peke yako, na ncha yake isiguse jicho. Ukiona ukungu, au jicho likiuma, au mwanga ukikuchoma, usisubiri kesho, nenda kwa daktari. Na usidanganywe na jicho jeupe. La Rael lilikuwa jeupe mpaka mwisho.

Mungu akulindie macho, mwanangu, uzione sura za watoto wako na za watoto wao. Na kila duka la dawa utakaloingia, akukutanishe na muuzaji anayeuliza.