Chupa Iliyonuka Mafuta ya Taa

Nakumbuka siku moja dukani, pale Koboko. Tulikuwa watano: mimi, niliyekuwa mkubwa, wadogo zangu Candia na Letaru, shangazi yetu kutoka Ajia, na Hajati Saida, mwenye duka la soda. Jana yake tulifanya sala ya kumkumbuka mama, wageni wakanywa soda za Hajati, na sasa tulikuwa tunamrudishia chupa. Baba alikuwa ametangulia, nami nilikuwa nimeacha shule ili wadogo zangu wasome.

Mwanangu, ukichukua kreti ya soda unalipia soda, halafu unaweka na pesa ya chupa. Soda unakunywa. Chupa ukizirudisha, pesa yake unapewa. Mimi niliweka pesa ya Candia ya kujiandikisha mtihani, na siku ile ya kurudisha chupa ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kuilipa.

Hajati akaanza kunusa chupa zetu, moja moja. Letaru hakuvumilia.

"Hajati, unatafuta soda iliyobaki?"

Shangazi akacheka. Hajati akasimama kwenye chupa moja, akakunja pua.

"Hii iko na mafuta ya taa. Nani aliweka?"

Shangazi akaacha kucheka. "Ni mimi. Jana nilimletea huyu Candia mafuta ya taa yake kwa chupa hiyo, asome usiku. Asubuhi nikaiosha na sabuni."

"Sabuni haitoi hii harufu, mama. Watu ya lori watakataa. Na kreti iko na pengo, hawachukui."

Candia akainamisha kichwa. Letaru yeye bado alikuwa na maswali.

"Lori inapeleka wapi?"

Hajati akamwonyesha mduara mweupe tumboni mwa chupa. "Ona. Njiani zinasuguana, zinapata alama. Inaenda Arua, inafika kiwandani, inaoshwa, inajazwa, inarudi. Pengine mutu ya Kuluva alikunywa hii kabla yenu."

"Na kama ilikuwa inanuka?"

"Angekunywa taa ya shangazi yako!"

Hata shangazi alicheka. Kisha Hajati akaingia ndani, akatoka na chupa yake, akaziba pengo. Akanipa pesa yangu yote.

"Usiniletee pesa, binti. Niletee chupa. Mimi pia niliweka pesa yangu Arua."

Candia alijiandikisha mchana ule.

Baadaye nilinunua soda, nikaiacha pesa ya chupa kwa makusudi ili chupa ibaki kwangu. Nilipoipeleka, duka lilikuwa limefungwa. Hajati alikuwa amehamia Arua kwa bintiye.

Mwanangu, siku hizi chupa za plastiki zimejaa kwenye mitaro ya Arua, kwa sababu aliyekunywa hana chake kinachomngoja dukani. Wewe usingoje kuwekewa pesa. Ukimaliza kutumia kitu, fikiri ni nani atakishika baada yako, ukirudishe kikiwa safi. Na Mungu akujalie watu wa kukuzibia pengo siku utakayopungukiwa, akupe na uhai wa kuwarudishia.

Mimi chupa yangu iko dirishani, nimeiosha. Kila nikifika Arua naenda nayo, nauliza mtaa kwa mtaa. Bado sijampata.